Mkurugenzi wa Mabaraza

Asubuhi moja, chai ikiwa bado inafuka, Baba Pacha alitangaza kwamba binadamu wamekuwa wakikaa vibaya tangu waumbwe.

Aliitoa habari hiyo akiwa amesimama, kijiko mkononi, mbele ya mkewe na mabinti zake wawili, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi.

“Watu wanakaa ndani huku wanatamani kuwa nje,” alisema. “Wakitoka nje wanakaa vumbini huku wanatamani kuwa ndani. Ni aibu! Kinachotakiwa ni baraza la mbao. Nyuma ya nyumba, la kisasa, limepimwa na kukatwa kama suti ya bwana harusi.”

“Na fundi wa hiyo suti ni nani?” aliuliza Mama Pacha.

“Unamtazama.”

Mama Pacha alimtazama. Aliona mwanamume wa miaka arobaini na tisa, vidole laini kama vya mtoto anayenyonya, ambaye mara ya mwisho kushika nyundo alijigonga gumba, akalala siku mbili na kuagiza uji.

Kwa miaka ishirini na miwili mumewe alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya ramani za majumba. Alipokea ramani, akaigonga muhuri, akaitia kwenye faili. Mwenye ramani akija kuiulizia, alimwambia arudi wiki ijayo. Kazi ilikuwa haina jasho, haina mvua, na mwisho wa mwezi haikuwahi kumwangusha mtu. Mama Pacha aliipenda kazi ile kama wengine wanavyowapenda wakwe wazuri: kutoka mbali, na kwa shukrani.

“Na masijala?” aliuliza polepole.

“Nimechukua likizo bila malipo. Siku tisini. Zikiisha, ama narudi kwenye kiti changu, ama napeleka barua ya kuacha kazi.” Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. “Anza kuizoea hiyo ya pili.”

Pacha wakacheka. Mama yao hakucheka. Alikwenda kwenye kalenda ya jikoni, akahesabu siku tisini kwa kidole, na pale zilipoishia akatia alama nyekundu kubwa kama jipu.

Elimu ya ujenzi Baba Pacha aliipata kwenye simu. Wiki tatu nzima alitazama video za wanaume wenye ndevu wakijenga mabaraza katikati ya misitu. Lugha yao hakuijua, lakini aliwaitikia kwa kichwa kana kwamba wamesoma darasa moja.

“Umeona alivyoikata ile?”

“Nimeona.”

“Basi ndivyo ninavyokata mimi.”

“Umekata nini, Baba Pacha?”

“Bado. Nakata kwa mawazo kwanza.”

Alijipa cheo cha Mkurugenzi Mtendaji. Kila Jumatatu aliitisha mkutano wa kampuni chini ya kamba ya kuanikia nguo, na kumbukumbu akaziandika mwenyewe. Waliohudhuria: mmoja. Walioomba udhuru: hakuna. Mkutano ulifungwa kwa kauli moja.

Mtaa nao haukumnyima haki yake. Ukaanza kumwita Mkurugenzi, na alivyokuwa anatikisa kichwa kwa heshima kila akiitwa, hata waliotania wakaona haya kidogo.

Mteja wa kwanza akajitokeza, tena si mteja wa kubabaisha. Alikuwa Bi Mkuu, mkuu wa masijala mwenyewe, mama wa maneno machache na miwani iliyoning’inia kifuani kwa kamba. Kama alimhurumia karani wake au alitaka tu kuona mwisho wa sinema, hakuna aliyejua. Alinunua mbao zote na kuweka sharti moja.

“Jumamosi ya mwisho ya likizo yako, wafanyakazi wote wa masijala watakuja kunywa chai juu ya hilo baraza. Mimi silioni mpaka siku hiyo. Nitafungua mlango wa nyuma, nilikute.”

“Utalikuta, Bi Mkuu! Utadhani lilizaliwa na nyumba!”

Habari hizo zilifika haraka kwa seremala wa kona ya mtaa, mzee aliyetengeneza vitanda na makabati tangu Mkurugenzi yuko shule. Alimsimamisha alipokuwa akipita mbele ya karakana yake.

“Nasikia umepata kazi kwa Bi Mkuu. Hongera. Nyumba umekwenda kuipima lini?”

“Nimeshaipima.”

“Lini? Jana si ulishinda hapa?”

“Nimeipima ofisini.”

Seremala akaweka randa chini. “Nyumba ya Bi Mkuu iko ofisini?”

“Ramani yake iko ofisini,” Mkurugenzi alisema kwa upole wa mtu anayemfundisha mjinga. “Nimetoa nakala. Ina kila kitu: ukuta, mlango, dirisha, tangi la maji, mpaka sentimita. Nyie mnakwenda kwenye jua na tepu, mnainama, mnavunja migongo. Sisi wenye elimu tunafungua faili.”

“Sasa tepu uliyonunua ni ya nini?”

“Ya kupimia mbao. Mbao hazina faili.”

Seremala alicheka mpaka akakalia kitanda cha watu ambacho rangi haijakauka.

Mama Pacha alikuwa pembeni na kikapu chake. Hakucheka. Yeye aliishia darasa la saba na mambo ya ramani hakuyajua, lakini swali la seremala lilimkaa kifuani kama tonge kavu.

Kwa hiyo siku ya kutia saini mkataba alisema naye anakwenda. Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na nne. Mkurugenzi alipofika ukurasa wa tatu, akimsomea Bi Mkuu kwa sauti sebuleni, Mama Pacha aliomba maji ya kunywa, akapitia jikoni, akachungulia uani.

Macho yake yalikuwa ya mama. Mahali popote yanapoingia hutafuta kwanza pa mtoto kuangukia. Yaliona mlango wa nyuma, kushoto kabisa, karibu na kona. Yaliona dirisha la jikoni katikati. Yaliona mfuniko wa shimo la maji machafu chini ya dirisha. Tangi la maji halikuwapo. Ili asisahau, akatembea ukuta mzima kwa hatua zake. Hatua kumi na moja.

Njiani akamwambia mumewe. “Baba Pacha, kwenye ile ramani yako mlango uko upande gani?”

“Kulia.”

“Mimi nimeuona kushoto.”

“Ulisimama vibaya.”

“Nilisimama kwa miguu miwili.”

“Mke wangu.” Alimshika bega. “Miaka ishirini na miwili! Macho huchoka, jua huchanganya, maji ya kunywa hupanda kichwani. Faili halichoki.”

“Na tangi? Sikuliona tangi.”

“Basi kaliangalie kwenye ramani. Lipo!”

Ukweli usemwe, alipoanza kukata, alikata kweli. Alifuata karatasi kama mgonjwa anavyofuata dawa. Uani kwao hapakubaki pa kutia mguu: nguo zilianikwa jikoni, na pacha walisomea juu ya rundo la mbao. Baraza lilikamilika vipande tisa, kila kimoja na namba yake kama faili, kimepakwa dawa ya mchwa, kikapigwa msasa mpaka kinateleza. Lilikuwa na ngazi mbili, lilikuwa na kona iliyokatwa kupisha tangi la maji, na lilikuwa na benchi refu la kuegemea, limefungwa skrubu sitini. Seremala alipita siku moja, akafumba jicho moja kutazama mnyooko wa boriti, akaondoka bila kusema neno. Kwa seremala yule, hiyo ilikuwa sifa.

Mama Pacha alianza kupata usingizi. Labda kweli alisimama vibaya.

Ijumaa, alipokuwa akimpigia pasi shati la sherehe, akaikuta barua. Ilikuwa mezani, imechapwa, nakala tatu. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno.

*Kwa heshima na taadhima ninaachia kiti changu cha masijala, ili niende kuutumikia umma kwa njia ya mbao.*

Pasi nusura iunguze kola.

“Baba Pacha, hii usiitoe kesho.”

“Kesho ndiyo siku yenyewe.”

“Wape watu nafasi walikalie kwanza. Wiki moja tu. Likisimama wiki moja, mimi mwenyewe nitakupelekea.”

“Mke wangu, simba akiruka haombi kwanza apimiwe umbali.”

“Simba hana watoto wawili kidato cha pili!”

“Nitaitoa kesho asubuhi, kabla ya skrubu ya kwanza,” Mkurugenzi alisema, akiukunja mdomo kwa ajili ya picha ambayo hakuna aliyekuwa akiipiga. “Ili wajukuu wasije wakasema babu yao alisubiri.”

Jumamosi kaka yake Mama Pacha alileta pikapu yake, akabeba vipande tisa, wapagazi wawili, dada yake, na shemeji yake aliyekuwa amevaa tai.

Bi Mkuu aliwapokea mlango wa mbele. Mkurugenzi hakusalimia hata vizuri. Alinyoosha bahasha kwa mikono miwili kama anakabidhi mwenge.

“Hii ni nini?”

“Maisha yangu mapya, Bi Mkuu!”

Bi Mkuu aliipindua bahasha, akaitia kwenye mkoba. “Nitaisoma nikishakaa barazani.”

 Basi barua imetoka, Mama Pacha aliwaza. Kilichobaki ni mbao.

Walizunguka mpaka uani. Mkurugenzi alifungua ramani, akaitazama, akautazama ukuta, akaitazama ramani tena. Akakohoa.

“Shemeji,” alisema kaka mtu, kipande namba moja kikiwa begani, “tunaweka wapi?”

Mkurugenzi akaigeuza ramani juu chini.

“Shemeji! Bega ni langu!”

“Nyumba hii,” Mkurugenzi alisema hatimaye, “imekosewa.”

“Imekosewa na nani?”

“Na mjenzi! Amekiuka ramani! Mlango huu hauko mahali pake kisheria. Na tangi la maji je? Wameliiba!”

“Baba Pacha,” mkewe alinong’ona, akimvuta tai, “nilikwambia kushoto. Tuwaambie ukweli sasa hivi, kabla wageni hawajafika. Uchukue na barua yako.”

Alisita. Kwa kitambo kidogo Mama Pacha aliona yule karani wake wa zamani akichungulia machoni mwa Mkurugenzi, akitaka kurudi nyumbani. Halafu vicheko vya wageni wa masijala vikasikika sebuleni, na karani akakimbia.

“Weka kama karatasi inavyosema!” Mkurugenzi aliamuru. “Nyumba itajirekebisha!”

Wakaweka. Kipande namba mbili kikakaa juu ya mfuniko wa shimo, kikawa kinabembea kila mtu akikigusa. Ngazi zilishuka na kuishia kwenye ukuta wa mpaka, kama za mtu anayetaka kumkimbia mke. Kona ya tangi ilikuwa inapisha hewa. Na lile benchi refu la skrubu sitini, kipande namba tisa, likakaa sawasawa mbele ya mlango wa nyuma, limeegemea kwa raha zake.

“Shemeji,” kaka mtu alisema, “huu mlango unafungukia nje au ndani?”

“Kwenye ramani hauko hapo, kwa hiyo haufunguki kabisa.”

Ndani, Bi Mkuu alikuwa amewapanga wageni kumi na wanne jikoni, kila mtu na kikombe chake. Alitoa hotuba fupi ambayo nje ilisikika kama nyuki kwenye kopo. Watu wakapiga makofi. Kitasa kikazunguka.

Mlango ukafunguka upana wa vidole vitatu. Ukagota.

“Baba Pacha,” ilisema sauti ya Bi Mkuu kupitia ufa, “mlango haufunguki.”

“Sukuma kidogo, Bi Mkuu! Mbao mpya zina aibu!”

Bi Mkuu akasukuma. Nyuma yake masijala nzima ikasukuma. Benchi lilitoa mlio, lakini skrubu sitini ni skrubu sitini. Kwenye ufa yakatokea macho, moja juu ya jingine, kama maembe kwenye kikapu, na vicheko vikaanza kumwagika vikombeni.

“Nipe hiyo ramani,” Bi Mkuu alisema.

Mkurugenzi akaipitisha kwenye ufa. Ilivutwa ndani. Ikasikika sauti ya miwani ikikunjuliwa.

“Hii si nyumba yangu.”

“Ni faili lako, Bi Mkuu! Namba ya kiwanja chako iko juu ya jalada!”

“Jalada ni langu. Ramani iliyotiwa ndani ni ya kiwanja cha jirani. Imeandikwa hapa pembeni. Na karani aliyeitia humu...” Alisogeza karatasi kwenye mwanga. “Muhuri upo. Saini ipo. Ni yako.”

Hapo juu ya ukuta wa mpaka kikatokea kichwa chenye kofia. Alikuwa jirani, dereva wa malori mstaafu, amepanda ngazi kuja kutazama kelele ni za nini.

“Samahani jamani,” alisema, “hilo baraza mbona limekatwa kufuata ua wangu? Mimi ndiye mwenye tangi upande huo.” Halafu macho yake yakamwangukia mwenye tai. “Haa! Ni wewe! Wewe si yule wa dirishani? Miaka minane naulizia ramani yangu, kila siku wewe! Njoo wiki ijayo! Njoo wiki ijayo! Ulikuwa umeificha hapa?”

“Haikufichwa, mzee,” Mkurugenzi alisema kwa sauti ndogo. “Ilihifadhiwa.”

Mama Pacha alitamani mfuniko wa shimo ufunguke, umpokee yeye kwanza.

Bi Mkuu alizunguka kwa mlango wa mbele, masijala yote ikimfuata na vikombe. Alilitazama lile baraza kutoka kona moja mpaka nyingine. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

“Mbao ni zangu,” alisema. “Jirani, utalichukua kwa usumbufu wa miaka minane?”

Jirani alikuwa ameshashuka ngazi kwenda kufungua geti.

Wakalibeba kipande kwa kipande, wapagazi, makarani, na kaka mtu akihema, “Shemeji, bega hili utalizika wewe.” Na huko ng’ambo ya ukuta, mbele ya macho ya watu wote, lile baraza likakaa! Kona ikalipisha tangi kwa unene wa kidole. Ngazi zikashuka kwenye njia. Mlango ukafunguka mpaka mwisho bila hata kukwaruza. Lilikaa kama mfuniko kwenye sufuria yake.

“Mnaona?” Mkurugenzi alilia kwa furaha, tai begani. “Mnaona kipimo? Sentimita kwa sentimita!”

Watu walikuwa wanakaa kunywa chai. Chai ya Bi Mkuu, kwenye baraza la Bi Mkuu, kwa jirani.

Bi Mkuu naye akakaa. Akashusha pumzi, akaweka miwani, akafungua mkoba. Akatoa ile bahasha.

Mama Pacha hakuwahi kusema neno mbele ya watu wa ofisi. Hakuwa na maneno yao. Lakini aliona kidole cha Bi Mkuu kikiingia chini ya gundi, akawaona kichwani pacha wake wawili na sare zao za shule, na miguu ikatembea yenyewe.

“Hiyo nipe mimi, Bi Mkuu.”

“Kwani unajua iliyomo?”

“Najua. Karatasi tatu, nyuma hazina kitu. Nataka pa kuandikia.”

“Kuandika nini?”

“Nyumba yako. Baraza bado unalitaka au hulitaki?” Sauti ilimtetemeka, lakini haikurudi ilikotoka. “Ukuta wako ni hatua zangu kumi na moja. Mlango uko hatua mbili kutoka kona ya kushoto, unafungukia nje. Dirisha katikati, na chini yake kuna mfuniko wa shimo ambao lazima uachwe wazi. Niliutazama siku ya mkataba. Kukata anajua, umejionea mwenyewe. Ni kutazama tu ndiko hajui.”

Bi Mkuu alimtazama mama huyo wa kanga na kikapu, kisha akamtazama karani wake, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi ya pili, amepungua kama sabuni iliyolala majini.

Akampa mama bahasha.

“Karani,” alisema, “Jumatatu saa mbili nakutaka masijala. Utatoa mafaili ya mtaa huu wote, moja baada ya jingine, na kila ramani utakwenda nayo kwa miguu kuilinganisha na nyumba yake. Hiyo ni kazi ya Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi utajenga baraza langu. Kipimo atapima mkeo.”

“Lakini Bi Mkuu, mimi ni Mkurugenzi wa...”

“Kunywa chai.”

Jumamosi iliyofuata walikuwa uani kwa Bi Mkuu mapema, tepu imenyooshwa ukutani, Mama Pacha upande wa kushoto na mumewe upande wa kulia. Jirani alikuwa amejipumzisha barazani kwake, anachungulia juu ya ukuta kama mtu aliyelipia kiingilio.

“Vuta!”

“Nimevuta, Mama Pacha.”

“Imenyooka?”

“Imenyooka.” Akainamisha kichwa kuelekea namba. “Naona hapa ni mita nane na...”

“Baba Pacha!”

“Naam?”

“Wewe shika tu.”